Kwa nini herufi za pamoja zinabadilika nikigeuza maneno?

"Ninajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa miezi mitatu sasa. Nimepewa zoezi la kuandika programu inayopokea maneno mawili na kutoa herufi zilizomo katika yote mawili, pamoja na marudio yake. Kwanza niliweka vitanzi viwili (amri za kurudia hatua), kimoja ndani ya kingine, vikilinganisha kila herufi na kila herufi. Kwa baraka na karata nikapata aaaraaakaaa, yaani herufi 11, wakati kila neno lina 6 tu! Nikaondoa kitanzi cha ndani nikatumia in, yaani amri inayouliza kama herufi imo katika neno, nikapata araka, nikadhani nimemaliza. Kisha nikajaribu baraka na kalamu, nikapata aaka. Nikageuza, kalamu na baraka, nikapata kaa. Rafiki yangu anasema nitumie seti, lakini seti inanipa a na k basi. Jibu sahihi ni lipi, na kwa nini kutangulia kwa neno kunabadilisha jibu? Naanza kuamini kazi hii si yangu."

Ndugu yangu, nianze na sentensi yako ya mwisho, maana imenihangaisha kuliko msimbo wenyewe. Mtu anayepata jibu linaloonekana sahihi, kisha akajaribu maneno mengine na kuyageuza aone kama jibu litasimama palepale, huyo ana jicho la kazi hii. Wengi wangeiona araka, wakatosheka, wakafunga kompyuta. Wewe uligeuza maneno na hitilafu ikajitokeza yenyewe. Kilichobaki ni kosa moja, na kosa hilo haliko kwenye Python. Liko kwenye maana ya neno "pamoja", ambayo zoezi lako halikuifafanua vya kutosha.

Jibu kwanza. Baraka na kalamu zina a mbili na k moja za pamoja. Kwa hiyo kaa uliyoipata mara ya pili ni sahihi, na aaka ina a moja ya ziada. Ila usiiamini bado hiyo kaa, kwa sababu msimbo ulioitoa ni uleule uliotoa aaka. Ulipatia kwa bahati. Hata araka ilikuwa bahati: baraka ina a tatu na karata ina a tatu, basi kosa halikupata nafasi ya kuonekana.

Tuifuate bahati hiyo hatua kwa hatua. Msimbo wako wa pili unapita juu ya neno la kwanza, herufi moja moja, na kila ikifika herufi unaliuliza neno la pili: unayo hii? Anza na baraka. Unauliza b, kalamu inajibu hapana. Unauliza a, ndiyo. Unauliza r, hapana. Unauliza a, ndiyo. Unauliza k, ndiyo. Unauliza a, ndiyo. Umeuliza a mara tatu na kujibiwa ndiyo mara tatu, ilhali kalamu ina a mbili tu. Ndiyo ya tatu imetoka wapi? Imetoka kwa a zilezile zilizokwisha kujibu. Ile in haina kumbukumbu ya nani ameshatumika. Inajua ipo au haipo. Ukigeuza, sasa kalamu ndiyo inayouliza, nayo ina a mbili tu za kuulizia, kwa hiyo jibu linakoma kwenye mbili bila mtu yeyote kulizuia.

Kwa hiyo msimbo wako haukuwa ukitafuta herufi za pamoja. Ulikuwa ukitafuta herufi za neno la kwanza ambazo zina angalau mwenzake mmoja katika neno la pili. Hilo ni swali halali kabisa, na kuna siku utalihitaji, lakini lina upande: neno moja linauliza, jingine linajibu. Ukibadilisha muulizaji, jibu nalo linabadilika. "Za pamoja" halipaswi kuwa na upande.

Vile vitanzi viwili navyo vilikuwa na swali lao. Kila a ya baraka ilikutana na kila a ya karata, tatu kwa tatu, zikawa 9. Ongeza r moja na k moja, ndizo 11 zako. Vilihesabu njia zote za kuoanisha herufi zinazofanana. Watu wengi wakiona marudio hayo hukimbilia kuweka break, amri ya kusimamisha kitanzi, pale herufi ya kwanza inapofanana, wakidhani wametibu. Ukifanya hivyo unapata msimbo uleule wa in, na ugonjwa uleule, kwa mistari mingi zaidi.

Seti ya rafiki yako haina kosa. Seti huhifadhi kila kitu mara moja tu, basi inajibu swali la aina: ni herufi gani zimo kote kuwili? Kama zoezi lingeishia hapo, ningekuambia ufuate ushauri wake bila kusita, kwa sababu mstari mmoja unatosha na kila atakayeusoma ataelewa. Zoezi lako limesema "pamoja na marudio yake", na seti hutupa marudio mlangoni kabla hujaanza kulinganisha. Jambo jingine la kukumbuka kuhusu seti: haina ahadi ya mpangilio. Ukiendesha programu ileile leo na kesho unaweza kuona k ikitangulia a, kisha a ikitangulia k. Hakuna kilichoharibika hapo. Ukitaka mpangilio, panga mwenyewe kabla ya kuchapisha.

Sasa tuiweke maana ya "pamoja" vizuri, kwa karatasi na penseli kabla ya kompyuta. Andika baraka juu na kalamu chini yake. Chukua herufi ya kwanza ya neno la juu, tafuta mwenzake chini, na ukimpata, wakate wote wawili kwa penseli. Aliyekatwa hatumiki tena. B haina mwenzake. A ya kwanza inapata a ya kalamu, zikatwe. R haina. A ya pili inapata a iliyobaki, zikatwe. K inapata k, zikatwe. A ya tatu inatafuta, inakuta a zote za chini zimeshakatwa, inabaki peke yake. Jozi ulizokata ni tatu: a, a, k. Anza na kalamu badala ya baraka na utakata jozi tatu zilezile, ingawa utazikata kwa mfuatano mwingine: k, a, a. Huo ndio ulinganifu uliokuwa unautafuta.

Ukishafanya hivyo mara mbili tatu utaona kwamba mfuatano wa kukata hauna uzito wowote. Herufi fulani ikiwa juu mara tatu na chini mara mbili, utapata jozi mbili, iwe umeanzia kulia au kushoto. Haziwezi kuzidi mbili kwa sababu chini zimekwisha. Haziwezi kupungua mbili kwa sababu juu bado zipo za kutosha. Yaani kwa kila herufi, idadi ya pamoja ni ile iliyo ndogo kati ya idadi mbili. Basi. Algoriti nzima, yaani utaratibu wote wa kupata jibu, imo katika sentensi hiyo, na ndiyo inayoeleza kwa nini kugeuza maneno hakuwezi tena kubadilisha jibu: ndogo kati ya 3 na 2 ndiyo hiyohiyo ndogo kati ya 2 na 3.

Kwa baraka hesabu ni b 1, a 3, r 1, k 1. Kwa kalamu ni k 1, a 2, l 1, m 1, u 1. Zilizopo pande zote ni a na k. Kwa a, ndogo kati ya 3 na 2 ni 2. Kwa k, ndogo kati ya 1 na 1 ni 1. Tuliandike hilo kama lilivyo:

    def hesabu(neno):
        idadi = {}
        for h in neno:
            idadi[h] = idadi.get(h, 0) + 1
        return idadi

    def za_pamoja(kwanza, pili):
        x = hesabu(kwanza)
        y = hesabu(pili)
        jibu = {}
        for h in x:
            if h in y:
                jibu[h] = min(x[h], y[h])
        return jibu

Sehemu ya kwanza inajenga kamusi ndogo: kila herufi na mara ilizotokea. Ile get(h, 0) inasema "nipe idadi ya herufi hii, na kama haijawahi kuonekana nipe sifuri", ili herufi mpya isiangushe programu. Sehemu ya pili inapita juu ya kamusi moja, na kwa kila herufi iliyomo pia katika ya pili inachukua idadi ndogo. Ona kwamba in imerudi, lakini safari hii inaulizwa kitu inachokiweza: ipo au haipo. Kazi ya kuchagua idadi iliyo ndogo imepewa min.

Python ina chombo tayari kwa kazi hii, kinaitwa Counter, kilichomo katika moduli ya collections. Ukiandika Counter("baraka") & Counter("kalamu") utapata a 2 na k 1, kwa sababu alama hiyo ikitumika kati ya hesabu mbili huchukua iliyo ndogo. Kazini ningetumia hicho bila kufikiri mara mbili. Kwa zoezi lako ningependa kwanza uandike ule mrefu kwa mkono wako, uuendeshe, uuchapishe katikati uone x na y zina nini, ndipo uhamie kwenye Counter. Ukianza na chombo utapata jibu, lakini siku likikosea hutajua pa kushika.

Kuna wanaopenda kuandika ile ya penseli moja kwa moja: geuza neno la pili kuwa orodha, pita juu ya neno la kwanza, na kila herufi iliyomo kwenye orodha ichukue na uiondoe kwa remove. Inafanya kazi, na ina sifa moja ambayo hesabu haina: jibu linakuja kwa mfuatano wa neno la kwanza. Ila hapa kuna shimo ambalo nimewaona wengi wakitumbukia, nami nataka ulione kwa karibu. Usipite juu ya orodha ileile unayoiondolea vitu. Tuseme umegeuza kalamu kuwa orodha, unapita juu yake, na kila herufi iliyomo katika baraka unaiondoa humohumo. Kitanzi kiko nafasi ya 0 (Python huanza kuhesabu nafasi kwa 0), kinakuta k, kinaiondoa. Orodha sasa ni a, l, a, m, u, zote zimesogea hatua moja kushoto. Kitanzi hakijui hilo. Kinakwenda nafasi ya 1, na hapo kinakuta l. Ile a ya kwanza imepitwa bila kuulizwa. Kinakwenda nafasi ya 2, kinakuta a, kinaondoa, orodha inasogea tena, na m nayo inarukwa. Mwisho unapata ka: a moja imepotea, na Python haijalalamika kwa neno hata moja. Dawa ni kupita juu ya neno lenyewe, ambalo halibadiliki, na kuondoa kwenye orodha nyingine pembeni.

Ukilinganisha majibu ya njia mbalimbali, usilinganishe aak na kaa kama maandishi ukasema hayafanani. Yapange kwanza kwa sorted, au ulinganishe kamusi za hesabu, kwa sababu kamusi mbili zenye herufi zilezile na idadi zilezile Python huziona sawa, hata zikiwa zimejazwa kwa mfuatano tofauti.

Utakutana pia na wanaotumia orodha ya nafasi 26, moja kwa kila herufi kuanzia a hadi z. Ndani ya kompyuta a ndogo ni namba 97, kwa hiyo wanatoa 97 kutoka namba ya kila herufi: a inapata nafasi ya 0, b nafasi ya 1, hadi z nafasi ya 25. Ni njia ya zamani, ya haraka, na utaiona sana katika lugha za C na Java. Katika Python ina hatari moja iliyojificha. K kubwa ni namba 75. Ukitoa 97 unapata hasi 22, na Python, tofauti na lugha nyingine nyingi, hukubali nafasi hasi: huhesabu kutoka mwisho. Hasi 22 katika orodha ya 26 ni nafasi ya 4, yaani nafasi ya e. Mtu akiandika Kalamu kwa herufi kubwa, programu itahesabu e ambayo haimo katika neno, itasahau k iliyomo, na kuendelea kana kwamba mambo ni shwari. A kubwa ni nafuu kwa sababu inatoka nje kabisa ya orodha na programu inaanguka, angalau unajua. Ninaogopa zaidi kosa linalonyamaza.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kuhesabu chochote, iwe kusafisha neno: ligeuze lote kuwa herufi ndogo kwa lower, ondoa nafasi za pembeni kwa strip, kisha amua utafanya nini na alama zisizo herufi. Hilo la mwisho kwetu waandishi wa Kiswahili lina uzito, kwa sababu tuna ng'ombe, ng'oa na ng'ara. Ile alama ya juu kompyuta inaiona kama herufi nyingine yoyote. Tena ziko mbili zinazofanana machoni: ile iliyonyooka, yenye namba U+0027, na ile iliyopinda, yenye namba U+2019, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe bila kukuuliza. Neno lililochapwa mahali pamoja na neno hilohilo lililonakiliwa kutoka mahali pengine yanaweza kukosa kufanana kwa alama hiyo tu. Amua moja, kwa mfano geuza zote ziwe iliyonyooka, na ulifanye mwanzoni kabisa.

Swali hili linanivutia zaidi, na sijaona likiulizwa vya kutosha: herufi ni nini? Chukua cheti na hati. Kompyuta inaona c, h, e, t, i upande mmoja na h, a, t, i upande wa pili, basi inakuambia h, t na i ni za pamoja. Lakini msemaji wa Kiswahili hasikii h yoyote ndani ya cheti. Ch ni sauti moja, kama zilivyo sh, th, dh, gh, ny na ng'. Kama programu yako ni ya mchezo wa maneno au ya kufundishia watoto kusoma, za pamoja ni t na i tu, na h ni kosa. Kama ni zoezi la darasani la kulinganisha alama, h ni halali. Huwezi kuyakubali yote mawili. Lazima uchague na uandike juu ya msimbo wako kwamba umechagua lipi.

Ukichagua sauti, mabadiliko si makubwa. Badala ya kupita juu ya neno alama moja moja, kwanza likate vipande: kila ukifika mahali, tazama kama alama 3 zinazofuata ni ng', kisha kama 2 zinazofuata ni mojawapo ya ch, sh, th, dh, gh, ny, na zikikosekana zote chukua alama moja. Anza na kirefu ndipo ufuate kifupi, la sivyo n itachukuliwa peke yake na ng' haitapatikana kamwe. Ukishapata orodha ya vipande, ipeleke kwenye hesabu ileile bila kuigusa. Hesabu haijali kama inahesabu herufi, sauti au namba, inahesabu inachopewa.

Maneno yakiwa zaidi ya mawili, kanuni ni hiyohiyo: kwa kila herufi chukua idadi iliyo ndogo kuliko zote. Anza na hesabu ya neno la kwanza, kisha kila neno linalofuata lipunguze linachopaswa kupunguza. Ukiongeza karata kwenye baraka na kalamu, a ni 3, 2 na 3, inabaki 2. K ni 1 kote, inabaki 1. R imo katika baraka na karata lakini kalamu haina, inaondoka. Kosa la kawaida hapa ni kuanza na kamusi tupu na kutarajia maneno yaijaze. Kamusi tupu ina sifuri kwa kila herufi, na hakuna idadi iliyo ndogo kuliko sifuri, basi jibu litakuwa tupu daima. Anza na neno la kwanza, na hesabu yako ikiisha katikati ya safari, simama. Maneno yaliyobaki hayawezi kuirudisha.

Kuhusu kasi, najua mtandaoni utasoma kwamba vitanzi viwili ni dhambi. Kwa maneno ya herufi 6, vitanzi viwili vinafanya ulinganisho 36, na kompyuta haihisi chochote. Maandishi yakifika herufi 1,000 kila upande, ulinganisho ni 1,000,000, wakati njia ya hesabu inasoma herufi 2,000 na kulinganisha idadi chache mwishoni. Hapo tofauti inaonekana. Kwa zoezi lako sababu ya kuviacha vitanzi viwili ni usahihi; kasi ni nyongeza. Ikitokea siku moja unalinganisha neno moja na orodha ndefu ya maneno, hesabu lile moja mara moja tu, uiweke hesabu hiyo pembeni, usiirudie kwa kila neno.

Kabla hujaukabidhi msimbo, ujaribu kwa maneno unayojua majibu yake kwa penseli. Mama na mamba yatoe m 2 na a 2. Kuku na kiu yatoe k 1 na u 1. Neno tupu na neno lolote yatoe tupu bila kuanguka. Neno na lenyewe yatoe neno zima. Na kila jaribio lirudie ukigeuza maneno, kama ulivyofanya, kwa sababu ndilo jaribio lililokuletea habari zote hizi.

Nikutahadharishe jambo moja kuhusu matumizi. Herufi za pamoja hazisemi kwamba maneno yanafanana. Mali, lima, mila na imla yana herufi zilezile nne, zote za pamoja kwa asilimia 100, na hayana undugu wowote wa maana. Ukitaka kujua kama mtu amekosea tahajia, unahitaji kipimo kinachojali nafasi. Richard Hamming alieleza kimoja mwaka 1950, kinachohesabu nafasi ambazo herufi zinatofautiana katika maneno yenye urefu sawa: mali na mila yanatofautiana nafasi 2. Vladimir Levenshtein akaja na kingine mwaka 1965, kinachohesabu ni mara ngapi utaongeza, utafuta au utabadilisha herufi ili neno moja liwe jingine, na hicho ndicho kinachofaa zaidi kwa kurekebisha tahajia. Vyote viko ndani ya uwezo wako ukishamaliza hili.

Zoezi lako ni la darasani, na kwa hilo karatasi na majaribio hayo yanatosha. Kuna hali mbili ambazo ningekusihi umtafute mtu ana kwa ana. Ya kwanza ni pale karatasi inapokupa jibu moja na programu jingine, na umeshachapisha x na y ukaona hesabu zenyewe ni sahihi. Hapo kaa na mwalimu wako au mwenzako aliyekutangulia, mpelekee maneno mawili mafupi yanayoonyesha kosa, jibu ulilotarajia na jibu ulilopata, kisha mweleze msimbo mstari kwa mstari kwa sauti. Mara nyingi utaliona kosa wewe mwenyewe kabla yeye hajasema neno. Kama utata uko kwenye zoezi, muulize aliyelitunga kama marudio yanahesabiwa na kama mfuatano unatakiwa. Ni swali la mwanafunzi makini, na hakuna mwalimu mwema atakayekudharau kwa hilo.

Ya pili ni nzito zaidi. Ukijikuta unataka kutumia herufi za pamoja kuunganisha majina ya watu halisi, kama vile kuamua kwamba jina katika orodha hii ya wagonjwa au ya wanafunzi ni la mtu yuleyule katika orodha ile, simama. Majina mawili ya watu wawili yanaweza kukutana kwa herufi zote kama mali na mila, na safari hii anayeumia ni mtu aliyepewa kumbukumbu za mwingine. Kazi hiyo inataka mtu aliyezoea takwimu za namna hiyo akae nawe, atazame tarehe za kuzaliwa na namba za utambulisho pamoja na majina, na aweke mahali ambapo binadamu anathibitisha kabla orodha hazijaunganishwa.